Sauti ya Che Bwanali

1

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili, mashine ilimwarifu Sekunda Kihwele kwamba sauti imechoka.

Maandishi yalijitokeza kwenye kioo chembamba alichokilaza mapajani: *Sauti namba 7 imechoka. Pendekezo: weka sauti nyingine.* Chini yake palikuwa na mstari. Ulianzia juu kabisa, ukaenda sawa siku nne tano, kisha ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Siku ya kwanza, katika kila miito kumi, ndege waliitika minane. Sasa waliitika mmoja tu, na aliyeitika huenda alikuwa kinda asiyeijua dunia.

Sekunda aliufunika mstari ule kwa kiganja, akaangaza huku na huku. Hema lilikuwa tupu. Wenzake wa kujitolea walikuwa mtoni wakifua nguo. Na ile sauti namba saba haikuwa imechoka hata kidogo. Alikuwa akiisikia saa hiyohiyo kwa masikio yake, ikitoka ng'ambo ya korongo, nene na yenye subira: *brrrr… hm. Brrrr… hm.* Alikuwa Che Bwanali mwenyewe, mzee mrina asali, anaita ndege wake, na ndege hawaji.

Tusimung'unye maneno: Sekunda alijua. Tangu mstari ulipoanza kuinama, zaidi ya wiki mbili sasa, alijua kuliko mtu yeyote pale kambini, kwa maana sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Miaka kumi na sita alikuwa fundi wa sauti wa redio moja ya Iringa, anasafisha vikohozi vya wanasiasa na kelele za mvua juu ya bati. Alipoona tangazo la kujitolea kuhesabu nyuki kusini mwa Afrika, miezi mitatu, chakula na hema bure, aliandika barua ya kuomba kabla chai haijapoa. Alitaka walau mara moja maishani afanye jambo ambalo halitamlazimu kuona haya.

Ilikuwa ni miaka kumi tangu Sheria ya Hesabu ipite, na kwa sheria hiyo msitu usiohesabiwa haukuwa msitu. Onyesha makao elfu kumi ya nyuki walio hai, na mitambo ya madini itapita kando. Ukikosa, ardhi yako ni tupu, na ardhi tupu ni ya mwenye mtambo. Wenye kutaka mfano walitazama upande wa pili wa mto Lugenda, ambako vilima vitatu vilikuwa vimekatwa vichwa na vumbi lake lilifika hadi kwenye sufuria za kijiji cha Chilambo.

Shida ni kwamba nyuki wa mwituni hukaa juu, ndani ya mashimo ya miti, na hakuna jicho la angani linaloona ndani ya mti. Anayewajua ni mlembe peke yake. Huyu ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, hana sura ya kumgeuza mtu shingo, lakini anajua kila mti wenye asali. Anachokosa ni mikono. Binadamu ana mikono, moshi na shoka, anachokosa ni kujua. Basi zamani sana wawili hao walipatana: mrina asali huita, mlembe huja, humwongoza mti kwa mti akipiga kelele mpaka penye nyuki. Mtu hupasua, huchukua asali, na ndege huachiwa sega lake lenye nta juu ya majani mabichi. Nta kwanza, kidole baadaye. Ndivyo Wayao wa Chilambo wanavyosema, maana yake usirambe hata kidole kabla hujamlipa ndege.

Msafara ulikuwa na kereng'ende arobaini. Hivi vilikuwa vidude vya kuruka, kila kimoja na ukubwa wa shomoro, vimepakwa rangi ya vumbi ili visitishe viumbe. Vilitawanyika msituni alfajiri, vikaita kwa sauti ya mrina asali, vikamfuata mlembe aliyeitika, vikaweka alama kwenye mti alioonyesha, kisha vikaita tena penginepo. Ndege walioitwa hivyo kwa siku moja walikuwa wengi kuliko ambao mrina angewaita kwa mwaka. Kereng'ende hawakuwa na shoka. Hawakuwa na moshi, wala hawakuacha nta.

2

Mwanzoni walijaribu sauti sita, ya Sekunda ikiwemo, na walembe wa bonde lile hawakugeuza hata shingo. Wamezaliwa wakisikia mwito mmoja wa aina moja. Ndipo Daktari Filomena Mucavele, kiongozi wa msafara, mtu wa mkoa wa Gaza, kusini mwa nchi hiyohiyo, aliyesomea Morogoro na kuondoka huko na Kiswahili cha kutosha kugombana nacho, akamwambia Sekunda atafute mzee mwenye sauti.

Mzee huyo hakutafutwa mbali. Sekunda alikuwa akila nyumbani kwake tangu wiki ya kwanza, kwa amri ya mkewe, Biti Kandulu, aliyeuona uji wa kambini na kuuonea huruma. "Mgeni siku mbili, mwanangu," mama yule alimwambia siku ya tatu, akimkabidhi mchi. "Jembe tutakupa mvua zikija. Kwa sasa twanga." Che Bwanali naye, aliyewahi kufanya kazi ya reli upande wa Songea na kuwajua watani wake, alimwita mbwa wake akamficha nyuma ya nyumba. "Mhehe amekuja," akasema. "Hapa mbwa ni wa kulinda tu, binti, tuelewane mapema." Walicheka wote watatu, na kuanzia siku hiyo Sekunda akawa mtu wa chungu kile.

Kwa hiyo alipomwomba aite mbele ya kinasa sauti, Che Bwanali hakuuliza mengi.

"Unaitaka ya nini?"

"Ya kumbukumbu, Che."

Mzee aliomba maji kwanza, akasukutua mdomo, akatema pembeni kwa adabu. Akasema sauti hii ilikuwa ya baba yake, na ya baba wa baba yake, na mdomo mchafu hauitumii. Kisha akaita mara tatu. Mashine ilihitaji mara tatu tu. Baada ya hapo ingeweza kuita kwa sauti ile miaka mia bila kupumzika, na koo lisikauke.

Neno lile "kumbukumbu" lilimkaa Sekunda kooni siku nyingi kama mwiba wa perege. Alipomweleza Filomena kwamba ndege hawalipwi, Filomena hakuinua uso kwenye kazi yake. "Tunawalipa msitu mzima, dada. Nta gani inazidi hiyo?" Lilikuwa jibu zuri, na Sekunda alilikubali upesi mno, kama mtu anavyopokea chenji bila kuihesabu.

Lakini mlembe hana habari na Sheria ya Hesabu. Alichojua ni kwamba sauti fulani ilimwita, akaacha shughuli zake, akaruka mti kwa mti akipayuka, akafika, akangoja moshi, na moshi haukuja. Ikamwita tena kesho yake. Na keshokutwa. Ndege naye ana akili yake.

3

Huko Chilambo, mrina asali anapokataliwa na ndege asubuhi tatu mfululizo, hakuna anayetafuta sababu msituni. Sababu hutafutwa nyumbani. Ndege, wanasema, hafuati mtu ambaye nyumba yake ina uongo. Basi wote wanaokula chungu kimoja huketi kizingitini mmoja mmoja, mbele ya mjomba wa ukoo, na kila mtu hutoa alichonacho.

Che Bwanali alikuwa amekataliwa asubuhi tisa. Alificha sita za mwanzo.

Mjomba wa ukoo alikuwa Che Maulidi Kandulu, kaka yake Biti Kandulu na mwenyekiti wa kijiji. Kwa Wayao nyumba ni ya mwanamke na kijiji ni cha ndugu zake. Mume huja na shoka na mkeka, na anaweza kuondoka navyo. Che Bwanali alikuja hivyo miaka thelathini na saba iliyopita. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa mbali. Waliokula chungu kile walikuwa watatu tu, na wa tatu alikuwa Sekunda.

"Mgeni huanza," akasema Che Maulidi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kusugua goti wakati anaongea. Siku ya Ijumaa angetia kidole kwenye ramani ya msafara kwa niaba ya kijiji, maana bila ridhaa ya wenyeji hesabu yote haikubaliki kisheria. Ilikuwa Jumatatu. Hesabu ilikuwa elfu tisa mia sita na arobaini.

Sekunda aliketi kizingitini. Jua la saa nne lilikuwa likimpiga usoni na mbele yake walikaa watu waliomlisha mwezi mzima. Alikuwa na jambo la kusema na kila mtu alikuwa akimngoja aliseme. Aliufungua mdomo, akaviona vile vilima vitatu visivyo na vichwa, akaona kidole cha Che Maulidi kikiondolewa kwenye ramani.

"Nilimwaga maji ya kunywa," akasema. "Juzi. Nikajaza ya mtoni, nikanyamaza."

Che Maulidi alitabasamu kidogo. "Hilo ndege amelisamehe. Inuka, binti."

Akainuka. Biti Kandulu akaketi mahali pake. Alijifunga kanga vizuri, akainyoosha miguu mbele, akatazama vidole vyake kwa muda mrefu hata mumewe akakohoa.

"Mwaka ule wa reli," Biti Kandulu akasema. "Ulipokuwa Songea. Yasini, fundi baiskeli. Alikuja kuziba bati lililokuwa likivuja. Ilikuwa mwezi mmoja, ukaisha, sikurudia."

Kuku walikuwa wakichakura pale pale uani na Sekunda aliwachukia kwa kelele zao. Yasini fundi baiskeli alikuwa amekufa miaka mingi. Hata kaburi lake Sekunda aliwahi kuonyeshwa, lile lenye rimu ya gurudumu. Palepale akaelewa, au alidhani ameelewa: mama huyu anasingizia. Ameona mumewe anakonda, ameona nyumba inatafuta mkosaji, akachagua mwanamume asiyeweza kubisha, akajitwisha yeye. Na amefanya hivyo kwa sababu mtu aliyeketi pale kabla yake alisema habari za maji.

Zamu ya Che Bwanali ilipofika alitikisa kichwa tu, mara mbili, macho yake yakiwa kwenye ule ukuta wa udongo.

"Basi sheria mnaijua," akasema Che Maulidi, bila kumtazama dada yake aliyekuwa akihukumiwa. "Kesho mrina ataita. Ndege akija, neno hili limezikwa. Atakayelitaja, hata kwa mzaha, hata kwa ugomvi, atahama kijiji. Asipokuja, kuna lingine limebaki, na mkeka utakunjwa, mume aondoke."

4

"Ndege hatakuja," Sekunda alimwambia Filomena. "Hata asukutue mdomo kwa maji ya Zamzam. Sauti ile tumeiua sisi."

Walikuwa wamesimama nyuma ya gari la msafara, mahali pekee penye kivuli. Filomena alikuwa amesikiliza kisa chote bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano aliyewahi kupoteza misitu miwili kwa kukosa hesabu, mmoja kwa makao mia mbili tu, na hakuwa amesahau hata mti mmoja wa huo.

"Kwa nini hukuniambia mstari umeshuka?"

"Ungenituma nikachukue sauti nyingine."

Filomena hakukana. Alichukua kereng'ende mmoja kutoka kwenye sanduku, akamgeuza kiganjani. Tumbo la kijivu, mgongo wa vumbi. Kutoka chini ya mti ungeapa ni mlembe.

"Tuna sauti za walembe ngapi kwenye kumbukumbu?"

"Elfu na zaidi. Za kuitika, za kuongoza, za kufika." Kisha Sekunda akaelewa anakopelekwa. "Daktari."

"Sikiliza kwanza. Kesho mzee anaita. Huyu anaitika. Anamwongoza hatua mia tatu mpaka kwenye mti wowote tuliotia alama. Mzee anarina asali yake, nta anaiacha, mlembe wa kweli ataikuta na kuila. Neno la yule mama linazikwa na hakuna atakayelifukua. Makao mia tatu na sitini yaliyopungua tunayajaza kwa sauti nyingine, Ijumaa kidole kinatiwa, msitu unabaki. Nasi tunawaacha ndege wapumzike mwaka mmoja, miwili, watasahau." Akamweka yule kereng'ende mkononi mwa Sekunda na kumfunga vidole juu yake. "Ni uongo wa dakika ishirini, dada. Umeshasema mrefu kuliko huo."

Hilo la mwisho lilimwingia kwa sababu lilikuwa kweli.

Mchana kutwa Sekunda alitayarisha sauti ya ndege. Alichagua mlio mmoja safi, wa siku ya pili, wakati walembe walikuwa bado wanaamini. Aliusafisha upepo, akaondoa sauti ya nyani kwa mbali. Ulikuwa mlio wa furaha hasa, hata asiyejua angeufuata. Kazi nzuri kama hii hakuwahi kuifanya redioni.

Jioni akaenda kula kama kawaida, kwani kutokwenda kungeonekana. Biti Kandulu alimpakulia. Che Bwanali alikula nje, amewapa mgongo, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mbwa alikuwa amelala miguuni pake na hakuna aliyemtania mgeni.

"Kula, mwanangu," Biti Kandulu akasema. "Mbona unakonda kama kwamba umekosa wewe?"

Sekunda akamtazama mama yule, uso mpana uliochoka, mikono inayonuka vitunguu. Akawaza: kesho ndege wa mashine atakuja, watamsamehe, naye ataishi hadi kaburini akiwa amesamehewa kosa asilolitenda. Mumewe atalala kando yake kila siku akijua jambo ambalo halikutokea. Na mimi nitapanda gari nirudi Iringa, niwaonyeshe watu picha za msitu. Alikuwa amefika huko kufanya jambo moja safi, na hadi sasa alikuwa amemwibia mzee sauti, akawaibia ndege ujira wao, na akamwacha mwanamke ajipake matope ili yeye abaki mweupe. La nne hakuliweza.

5

Asubuhi watu kama ishirini walisimama ukingoni mwa msitu, kimya, kama desturi inavyotaka. Biti Kandulu aliketi chini, kanga begani, peke yake. Filomena alisimama nyuma kabisa. Sekunda alikuwa na kioo mkononi na kereng'ende mmoja amekwisha kutua juu ya mti wa myombo hatua hamsini mbele, tayari. Ilibaki kugusa tu.

Che Bwanali alisukutua mdomo. Akaita.

*Brrrr… hm.*

Msitu ukanyamaza kumsikiliza. Akaita mara ya pili, sauti ikiwa imara bado, na mara ya tatu, na ile ya tatu ikakatika katikati. Alikuwa mzee aliyezoea kujibiwa na msitu tangu utotoni, na sasa alisimama pale, shoka begani, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake na hafunguliwi. Filomena alimtazama Sekunda kwa nguvu. Kidole cha Sekunda kilikuwa juu ya kioo.

"Che Bwanali," Sekunda akasema. "Usiite tena. Ndege hawajakukataa wewe. Wamenikataa mimi."

Halafu, kwa kuwa aliona hawamwelewi, akagusa kioo, lakini si pale alipoagizwa. Juu ya mti ule kidude kikaita: *brrrr… hm.* Watu waliinua nyuso. Ilikuwa sauti ya Che Bwanali, na Che Bwanali alikuwa amefumba mdomo. Mwanamke mmoja alijishika kifua.

Sekunda aliwaeleza yote. Alieleza kereng'ende arobaini, siku ishirini na mbili, miti elfu tisa na ushei, na nta ambayo haikuachwa kwenye mti hata mmoja. Alieleza ule mstari na jinsi alivyoufunika kwa kiganja. Alisema neno "kumbukumbu" na kwamba lilikuwa uongo alipolisema. Alisema habari za maji kizingitini. Hakumtaja Filomena hata mara moja, ingawa Filomena alikuja mbele mwenyewe akasimama kando yake, na hilo tutampa haki yake.

Che Maulidi alisugua goti lake. "Shoka la mtu tunaliazima kwa kuomba," akasema taratibu. "Sikujua kama sauti nayo inabebeka." Akamgeukia Filomena. "Ramani tutaizungumza, Daktari. Kidole hiki ni cha kijiji, na kijiji kimeibiwa. Leo siahidi wala sikatai."

Elfu tisa mia sita na arobaini. Sekunda aliziona zikining'inia kwenye kidole cha mzee yule. Lakini Che Bwanali hakuwa akisikiliza habari za ramani. Kitu kilikuwa kikimfunguka usoni polepole, na kilipokwisha kufunguka alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesikia kwamba si yeye aliyekufa.

"Kwa hiyo si mimi," akasema. "Na si nyumba yangu." Akashusha shoka begani, akamwendea mkewe pale chini, akamnyooshea mkono. "Haya, inuka, Biti Kandulu. Mwanamke gani wewe, unajisingizia mpaka marehemu wa watu. Ungeniambia tu kwamba umechoka kuniona nakonda."

Watu walianza kucheka naye, kwa nafuu. Hata Che Maulidi alipumua. Sekunda aliona machozi yanamjia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hayakuwa ya aibu. "Alifanya hivyo ili nyumba ipone, Che," akasema. "Ni kwa sababu yangu. Hakuna lolote alilokosa."

Mkono wa Che Bwanali ulikuwa bado umenyooshwa. Biti Kandulu aliutazama. Alichotakiwa kufanya ni kuushika, na pengine kutabasamu. Hakutakiwa hata kusema. Kijiji kizima kilikuwa kimemfungulia mlango, na wote walisubiri apite.

Hakuushika. Kicheko kikafifia, mmoja akinyamaza, kisha mwingine. Jogoo aliwika kijijini. Che Bwanali hakuurudisha mkono.

"Biti Kandulu," Che Bwanali akasema. "Kama ndege hakuwa na neno nasi, kwa nini ulisema?"

Biti Kandulu aliinua uso. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Sekunda, bila hasira, kama vile alitaka walau mtu mmoja aelewe.

"Nilidhani ndege anajua," akasema.

Che Bwanali aliushusha mkono wake.

"Alikuwa hajui," akasema. "Wala mimi nilikuwa sijui."

Akaokota shoka, akawapita watu akielekea nyumbani, na ulikuwa mwendo wa mtu anayekwenda kukunja mkeka. Che Maulidi alifungua mdomo ili amkumbushe sheria, ile ya neno kuzikwa. Akakumbuka kwamba ndege hakuja, akaufumba. Hakuna aliyemgeukia Sekunda. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, kufukuzwa, hata kupigwa, na alipotazama huku na huku hakuona mtu mwenye nafasi ya kumhukumu. Kioo mkononi mwake kilikuwa bado kinawaka, na ule mlio wa ndege alioutengeneza jana ulikuwa palepale, mzima, haujatumika.